Jina na Kisanduku: Wasifu wa Mtumiaji katika Maktaba za Programu za Mitandao ya Kijamii, kwa Kielelezo cha Ntimaru

Utangulizi

Kila anayejiandikisha katika mtandao wa kijamii hukabidhiwa fomu. Fomu hiyo humwuliza jina la kwanza, jina la mwisho, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, mji atokako na lugha azisemazo. Majibu yake yakishahifadhiwa huitwa wasifu wa mtumiaji. Mwanafunzi wa fasihi amezoea kulikuta neno wasifu likiandamana na tawasifu, utanzu ambamo mtu huyasimulia maisha yake kwa mpangilio autakao mwenyewe. Wasifu wa mtandaoni ni kinyume cha hayo. Mpangilio umekwisha kuamuliwa na mtu mwingine, ambaye yamkini hakuwahi hata kuisikia lugha ya anayejaza.

Makala haya yananuia kueleza jinsi waandishi wa programu wanavyoufikia wasifu huo kwa kutumia maktaba za programu, na kudhihirisha kwamba nyuga nyingi zinazoombwa humo hazitokani na mahitaji ya tarakilishi. Zinatokana na sarufi na desturi za watu waliozibuni. Kielelezo kilichoteuliwa ni Ntimaru, mji mdogo wa Kuria Mashariki katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania, katika nchi ya ukoo wa Abairege. Haukuteuliwa kwa kuwa na kampuni za programu. Umeteuliwa kwa sababu majina, ndoa na mpaka wa huko huipima fomu ya mtandaoni kwa ukali kuliko mahali ilikotungwa.

Namna maktaba inavyofanya kazi

Maktaba ya programu si chumba cha vitabu. Ni mkusanyo wa maagizo yaliyokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambayo mwandishi wa programu huyaita badala ya kuyaandika upya. Anayetaka programu yake isome jina la mtumiaji hana haja ya kujua seva iko wapi wala data imepangwaje humo. Hutaja agizo moja, maktaba ikamletea jibu.

Kielelezo chenye manufaa kwa maelezo haya ni OpenSocial, kiwango kilichozinduliwa na Google mwezi wa Novemba 2007 ili programu moja iweze kutumika katika mitandao kadhaa, ikiwemo Orkut, hi5 na MySpace. Enzi yake imepita. Orkut ulifungwa tarehe 30 Septemba 2014, na mwishoni mwa mwaka huo shughuli za wakfu uliokisimamia kiwango hicho zikahamishiwa shirika la viwango vya wavuti la W3C. Hata hivyo, orodha yake ya nyuga ilichapishwa wazi, na ndiyo inayoonyesha vyema dhana ya mtu waliyokuwa nayo wabunifu wa miaka ile.

Katika maktaba hiyo kuna watu wawili wa msingi: mmiliki na mtazamaji. Tuseme Boke anaufungua ukurasa wa Marwa wenye programu fulani ndani yake. Marwa ndiye mmiliki na Boke ndiye mtazamaji. Akiufungua ukurasa wake mwenyewe, Boke huwa yote mawili. Kila mmoja ana kundi la marafiki, na programu inaweza kuliomba kundi hilo pia. Mwandishi huunda ombi, akataja ni mtu yupi anayemtaka, akaorodhesha nyuga azihitajizo, kisha akatuma. Asipoorodhesha chochote hupewa vitu vitatu tu: namba ya utambulisho, jina na picha ndogo. Vingine vyote sharti avitaje kimojakimoja.

Orodha ya hivyo vingine ni ndefu na, kwa kweli, inachekesha kidogo. Mtu angeweza kuulizwa umbo la mwili wake, watoto wake, kabila lake, anaishi na nani, anavuta sigara au la. Swali la ulevi liliandaliwa majibu manane, kuanzia asiyekunywa kabisa hadi anywaye kupindukia, pamoja na aliyeacha na yule ambaye angali anajaribu kuacha. Swali la jinsia liliandaliwa majibu mawili.

Jambo moja katika utaratibu huu linastahili kuangaliwa na wasomaji wa fasihi, nalo ni ukimya. Programu ikiomba uga fulani na isipate kitu, maktaba hurudisha utupu. Utupu huo una maana kadhaa zisizotofautishwa: huenda mtumiaji hakujaza, huenda alijaza lakini hakuruhusu programu ione, huenda mtandao wenyewe hauna uga huo. Mwandishi mzembe huusoma utupu kama jibu, akaonyesha kwenye skrini kwamba mtu hana lugha au hana kwao. Mwandishi makini huiuliza maktaba kwanza kama uga unatambuliwa na mtandao huo, kisha huacha nafasi wazi bila kusema neno.

Jina

Hapa ndipo fomu inapokwama. OpenSocial haikulichukulia jina kuwa neno moja. Ililigawa katika jina la kupewa, jina la familia, jina la ziada, cheo kitanguliacho na cheo kifuatacho. Mgawanyo huo unaafiki desturi za Ulaya ya magharibi, ambako mtu ana jina lake na jina la familia linalorithiwa vizazi hata vizazi.

Sasa tumchukue mtu wa kubuni wa Ntimaru aitwaye Petro Chacha Mwita. Petro ni jina la ubatizo na la shuleni. Chacha ndilo aitwalo nyumbani. Mwita ni jina la babake, si jina la familia. Ndugu za babake hawaitwi Mwita, na watoto wake Petro wataitwa kina Chacha, si kina Mwita. Fomu ikilichukua neno la mwisho na kuliita jina la familia, imesema uongo, na uongo huo huzaa mwingine. Programu inayowaunganisha jamaa kwa kulinganisha majina ya familia itamtenga Chacha na mwanawe, na kumwunganisha na wana wote wa kina Mwita waliotapakaa kutoka Ntimaru hadi Tarime na Musoma. Programu ya ushirika wa akiba inayomsalimu mwanachama kwa jina la familia itamwamkua Chacha kwa jina la mzazi wake. Hayo ni makosa ya adabu kabla hayajawa makosa ya hesabu.

Isitoshe, majina ya Kikuria yanayojirudia ni machache: Chacha, Mwita, Marwa, Boke, Robi, Gati na mengine kadhaa. Si ajabu Chacha Mwita na Mwita Chacha wakapatikana katika boma moja, baba na mwana. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii, ambayo wanafunzi wa tarakilishi hufundishwa kwa sababu nyinginezo, Ntimaru ina uzito wa pekee: mtu atambuliwe kwa namba yake ya utambulisho daima, kamwe asitambuliwe kwa jina.

Tatizo hili si la Wakuria peke yao, wala si geni kwa wasomaji wa jarida hili. Wanafunzi wengi wamewahi kumtafuta Shaaban Robert katika maktaba ya vitabu wakamkuta chini ya herufi R, kana kwamba Robert lilikuwa jina la familia ilhali ni jina la babake. Ndiyo maana wengine walimwandika Shaaban bin Robert. Ngũgĩ wa Thiong'o naye hupangwa chini ya N katika maktaba zinazoelewa na chini ya T katika zisizoelewa. Kwa upande wa tamthilia ya Kiswahili kuna Chacha Nyaigotti-Chacha, ambaye jina lake huanza na Chacha na kuishia na Chacha. Programu iliyoandikwa kuondoa maneno yanayorudiwa itamharibia jina msomi huyo, ikidhani imesahihisha kosa la uchapaji. Waswahili wa pwani na jamaa zao wa Oman, wanaofuatanisha jina la mtu na la baba na la babu, wamo katika mkumbo uo huo.

Kwa haki ya wabunifu wa OpenSocial, isemwe kwamba waliacha mlango. Miongoni mwa nyuga za jina uliwekwa mmoja wa jina lisilogawanywa, ambamo mtu huandika jina lote jinsi alipendavyo. Facebook nayo, mbali na jina la kwanza, la kati na la mwisho, huwapa waandishi wa programu jina zima katika uga mmoja. Iliongeza pia uga unaoonyesha mpangilio wa jina, kwa ajili ya Kichina, Kijapani na Kikorea, ambamo jina la ukoo hutangulia. Uga huo wa mwisho unafunza kitu: fomu hubadilika pale ambapo wenye lugha ni wengi na sauti yao inasikika. Wakuria si wengi kiasi hicho. Mwandishi wa programu wa Ntimaru hana budi kuutumia uga wa jina zima na kuviacha vipande.

Jinsia na upatanisho wa kisarufi

Kwa nini mtandao unataka kujua kama mtumiaji ni mwanamume au mwanamke? Jibu la haraka ni biashara ya matangazo, na jibu hilo lina ukweli. Lakini kuna jibu jingine ambalo halitajwi sana katika madarasa yetu, nalo ni la isimu.

Mwaka 2008 Facebook iliwataka watumiaji waliokuwa wameuacha uga wa jinsia wazi waujaze. Sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa sarufi. Kwa Kiingereza, sentensi ya kumwarifu mtu kwamba rafiki yake amebadilisha picha yake huhitaji kiwakilishi cha kiume au cha kike. Asiyejulikana jinsia alikuwa akiandikiwa kiwakilishi cha wingi, na sentensi ikasikika vibaya. Mtandao ulipoanza kufasiriwa katika lugha nyingine, tatizo likazidi, kwani zipo lugha ambazo hata kitenzi au kivumishi hubadilika kufuata jinsia ya mtu.

Sasa tazama sentensi hii: Gati amebadilisha picha yake. Kiambishi a- katika kitenzi hakisemi lolote kuhusu jinsia ya Gati. Neno yake linapatana na picha, halipatani na Gati. Angebadilisha kitabu, tungesema chake, ujumbe, wake, majina, yake. Kiswahili hakihitaji kujua jinsia ya mtu ili kumtungia sentensi. Kinachohitaji kujua ni ngeli ya kitu alichokishika. Kikuria nacho, kikiwa lugha ya Kibantu, huainisha nomino kwa ngeli wala si kwa jinsia.

Matokeo ya jambo hili kwa mwandishi wa programu ni makubwa. Akiandika kwa Kiswahili tangu mwanzo, uga mmoja unaohusu siri ya mtu hauna kazi tena katika sarufi ya programu yake, naye anaweza kuuacha kabisa. Badala yake huandaa jedwali dogo la vitu: picha, kitabu, ujumbe, tukio, na ngeli ya kila kimoja. Habari hiyo ni ya vitu, si ya watu, na hakuna anayedhurika ikivuja. Akiiga kiunzi cha Kiingereza, yaani kuacha pengo la jina, pengo la kitu, na kati yao neno moja la kumiliki lisilobadilika, atapata kitabu yake na ujumbe yake, Kiswahili ambacho hata mtoto wa darasa la 2 angekikosoa.

Wingi nao una taratibu zake. Picha mpya 1 na picha mpya 3 hazisumbui, lakini kitabu kipya 1 huwa vitabu vipya 3, na mabadiliko yanatokea mwanzoni mwa maneno, mahali ambapo viunzi vya programu vilivyozoea kuongeza herufi mwishoni havitazami. Vivyo hivyo kwa mtendaji: Boke ameweka, Boke na wengine 3 wameweka.

Ipo hoja ya kupinga, na ina nguvu. Istilahi za ujamaa katika Kiswahili hutaka jinsia, na wakati mwingine hutaka jinsia ya pande mbili. Wifi ni neno la mwanamke na dada wa mumewe. Mwanamume hana wifi. Shangazi na mjomba hutofautisha upande wa baba na wa mama. Programu inayotaka kuonyesha jamaa za mtu itashindwa bila jinsia. Suluhisho, hata hivyo, halihitaji uga wa jinsia. Yatosha kumwacha mtumiaji achague mwenyewe neno analomwitia jamaa yake, likahifadhiwa kama lilivyo.

Ntimaru inaonyesha kwa nini kuchagua mwenyewe ni bora. Miongoni mwa Wakuria ipo ndoa iitwayo nyumba ntobhu hasa upande wa Tanzania, ambamo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwingine ili nyumba yake ipate uzao, na watoto wanaozaliwa huhesabiwa wa nyumba hiyo. Hapa si mahali pa kuisifu wala kuilaumu desturi hiyo, ambayo ina wakosoaji wake. Linaloonekana ni kwamba orodha ya hali za ndoa iliyofungwa, hata iwe ndefu vipi, haiwezi kumpa mama huyo jibu la kweli, na programu inayokisia mume kwa jinsia itamfuta katika nyumba aliyoiasisi.

Lugha na mahali

Uga wa lugha hujazwa kwa misimbo. Kiswahili kina msimbo wa herufi mbili, sw. Kikuria hakina wa herufi mbili. Kina wa herufi tatu, kuj, katika kiwango cha ISO 639-3. Programu iliyoandikwa kupokea herufi mbili pekee haiwezi kukitaja Kikuria kamwe. Facebook, iliyopata sura ya Kiswahili mwaka 2009, huutambulisha uteuzi huo kwa msimbo wenye jina la Kenya ndani yake, sw_KE, hivi kwamba mkazi wa Tarime akichagua Kiswahili huandikwa kana kwamba yuko ng'ambo ya pili ya mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Mwandishi wa programu asiichukue alama hiyo kuwa ushahidi wa uraia.

Mahali hapana ugumu mkubwa kama jina, ila pana mitego. Zipo wadi mbili, Ntimaru Mashariki na Ntimaru Magharibi, na kabla ya kaunti kuanza kazi mwaka 2013 mtu wa huko alijaza Mkoa wa Nyanza. Fomu inayolazimisha jina la barabara na namba ya nyumba itapata majibu ya kubuni tu. Hapa tena OpenSocial ilikuwa na uga wa anwani isiyogawanywa.

Siri ya mtu na ya wenzake

Kujua jina na mahali huko Ntimaru ni kukaribia kujua kabila, na mara nyingi ukoo. Hili si jambo dogo. Mwaka 2009 koo za Abairege na Abanyabasi zilipigana, watu wakahama makwao. Orodha ya watumiaji yenye nyuga za jina, kijiji na ukoo, ikihifadhiwa ovyo katika seva fulani, katika siku kama hizo inaweza kugeuka silaha.

Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Sheria ya Kenya inahesabu asili ya kikabila, hali ya ndoa, jinsia na majina ya wazazi, wenzi na watoto kuwa data nyeti. Wanasheria waamue, lakini mtu anayeitwa Chacha Mwita amekwisha kumtaja mzazi wake kabla hajaulizwa lolote. Katika utamaduni wa namna hii, hata nyuga zile tatu za msingi, namba na jina na picha, zinatoa zaidi ya walivyokusudia waliozibuni.

Aidha, kuna suala la marafiki. Kwa miaka kadhaa maktaba za Facebook ziliruhusu programu isome wasifu wa marafiki wa mtu aliyeikubali, bila marafiki wenyewe kuulizwa. Mabadiliko yalitangazwa Aprili 2014, na programu za zamani zikapewa mwaka mmoja. Kufikia hapo programu moja ya maswali, iliyopakuliwa na watu wapatao 270,000, ilikuwa imekwisha kukusanya habari ambazo Facebook yenyewe ilikadiria mwaka 2018 kuwa za watu hadi milioni 87, na zikaifikia kampuni ya Cambridge Analytica. Mkuu mmoja wa kampuni hiyo alinaswa katika kanda za siri zilizorushwa na Channel 4 ya Uingereza Machi 2018, akijigamba kwamba walizishughulikia kampeni za uchaguzi nchini Kenya mwaka 2013 na 2017.

Kisanduku kisicho na jina

Maktaba za leo ni bahili kuliko za miaka ile, na ubahili huo ni wa heri. Ya Facebook hutoa mambo machache ya msingi, na mengine huhitaji idhini ya mtumiaji pamoja na ukaguzi wa programu yenyewe. Linalovutia zaidi ni la Mastodon, mtandao huria ulioanza mwaka 2016. Wasifu wake una jina la kuonyeshwa, moja tu, lisilogawanywa, na maelezo mafupi. Hauna uga wa jinsia wala wa ndoa. Tangu mwaka 2018 mtumiaji hupewa pia nafasi nne zisizo na majina, akaandika mwenyewe swali na jibu lake. Mtu wa Ntimaru anaweza kuandika lugha katika ya kwanza, rika lake katika ya pili, na kuziacha mbili wazi. Maktaba humletea mwandishi wa programu orodha ya majozi, jina la uga na thamani yake, bila ahadi yoyote juu ya yaliyomo. Kazi ya mwandishi huwa ngumu zaidi, kwa sababu hawezi kuhesabu wala kulinganisha kwa urahisi. Anachopoteza yeye, mtumiaji amekipata.

Hata hivyo, jambo moja la kiufundi haliepukiki, nalo ni tahajia. Kikuria kina b na g laini ambazo wengine huziandika kwa h na wengine bila h: Boke na Bhoke, Gati na Ghati, huenda kwa ndugu wa tumbo moja waliosoma pande mbili za mpaka. Anayemtafuta Boke hana budi ampate na Bhoke, kwa hiyo programu yapasa iidondoshe h hiyo inapolinganisha. Kanuni hiyo ikiachiwa huru itamgeuza Ghalib wa Mombasa kuwa Galib, ilhali gh ya huko ni sauti nyingine, yenye asili ya Kiarabu. Basi itumike wakati wa kutafuta tu, na matokeo yote mawili yaonyeshwe. Jina lililohifadhiwa libaki vilevile mwenyewe alivyoliandika.